Sarah Siddons na Jukwaa Lililomkataa Kisha Likampokea

Majira ya joto ya mwaka 1776, Sarah Siddons alikuwa mjini Birmingham akiigiza ili wanawe wapate kula, huku akihesabu siku za kurudi London. Alikuwa na miaka 21, mume, watoto wawili, na msimu mmoja aliokwisha kuutumikia Drury Lane, ukumbi wa maigizo uliokuwa na jina kubwa kuliko wote Uingereza. David Garrick, mwigizaji mkuu wa zama zile na bwana wa ukumbi huo, alikuwa anastaafu na kuuza hisa zake. Hata hivyo alimwambia mumewe Sarah asihangaike: yeye mwenyewe angezungumza na wenye ukumbi wapya, na mama huyo angepata mkataba mzuri.

Barua ikafika. Haikuandikwa na Garrick, wala na wamiliki wapya. Aliyeiandika alikuwa Hopkins, mtu aliyekaa kando ya jukwaa kuwakumbusha waigizaji maneno yao. Ilisema kwamba kazi ya Bibi Siddons haihitajiki tena.

Uzeeni Sarah aliandika kwamba pigo lile lilimduwaza, na kwamba kwa muda wa mwaka mmoja na nusu afya yake ilididimia hadi waliomzunguka wakadhani anakwisha. Alijikaza kwa sababu ya watoto. Miaka sita baadaye, tarehe 10 Oktoba 1782, alipanda jukwaa lile lile la Drury Lane, na London ikalia naye hadi pazia lilipoteremka. Tangu usiku huo hadi alipostaafu mwaka 1812 hakuna mwanamke aliyeigiza tanzia, yaani tamthilia za misiba, kwa Kiingereza aliyetajwa kabla yake.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mtu aliyekuwa mbichi akaenda mikoani kuiva. Siikubali hadithi hiyo nzima. Ukivipanga vitu kwa tarehe zake unaona kwamba kilichohukumiwa mwaka 1776 hakikuwa kipaji cha Sarah Siddons, kwa kuwa kipaji hicho London ilikuwa bado haijaonyeshwa.

Tuanze alikotoka. Alizaliwa tarehe 5 Julai 1755 katika nyumba ya wageni mjini Brecon, Wales, mtoto wa kwanza kati ya kumi na wawili wa Roger Kemble na mkewe Sarah Ward. Kemble aliongoza kikundi cha maigizo cha kuzunguka: leo mji huu, kesho ule, mizigo kwenye mkokoteni, wakiigizia popote penye paa na watu wa kulipa kiingilio. Watoto walipanda jukwaani tangu wadogo. Wazazi hawakutaka binti yao aolewe na mwigizaji, hivyo alipompenda William Siddons, kijana wa kikundi chao, walimpeleka akatumikie nyumba ya bibi mmoja mwenye mali huko Guy's Cliffe, Warwickshire. Haikusaidia. Tarehe 26 Novemba 1773 walifunga ndoa Coventry, naye akiwa na miaka 18.

Mwaka uliofuata kikundi chao kilikuwa Cheltenham, mji ambao matajiri walikwenda kunywa maji ya chemchemi kwa ajili ya afya. Usiku mmoja Sarah alicheza Belvidera, mwanamke anayerukwa na akili kwa msiba katika tanzia ya Thomas Otway. Kwenye viti vya wakubwa alisikia sauti za kukatakata, akadhani wanamcheka. Alirudi nyumbani amevunjika moyo. Kesho yake bwana mmoja wa ukoo mkubwa alimsimamisha mumewe barabarani kumpa habari: mabibi wale walikuwa wakilia kwa kwikwi, na walilia hadi wakaamka na maumivu ya kichwa. Habari ikasafiri hadi kwa Garrick.

Naomba msomaji aishike Cheltenham vizuri, kwa kuwa kesi yangu yote imesimama juu yake. Mwaka 1774, kabla ya London, kabla ya miaka yote ile ya mikoani, msichana wa miaka 19 tayari alikuwa na kile kitu. Alikuwa nacho ndani ya tanzia.

Garrick alimtuma kwanza mwigizaji Tom King akamtazame, na mwaka 1775 akamtuma mchungaji Henry Bate, aliyekuwa pia mhariri wa gazeti la Morning Post. Bate alimkuta akicheza Rosalind, msichana mcheshi anayevaa mavazi ya kiume katika futuhi, yaani tamthilia ya kuchekesha, ya Shakespeare, kwenye kijukwaa chembamba mno. Alimsifia sura na mwendo. Aliona pia kwamba sauti yake mwanzoni inakwaruza kidogo, na kwamba ana mimba kubwa. Zaidi ya hayo alimtahadharisha Garrick: watu wa Covent Garden, ukumbi wa wapinzani wao, walikuwa wakimnyemelea binti huyo huyo.

Hapo ndipo haraka ilipoingia, na ili kuielewa ni lazima kujua jinsi biashara ya maigizo ilivyofungwa London. Kwa hati za kifalme na sheria ya mwaka 1737, kumbi zilizoruhusiwa kuonyesha tamthilia za maneno wakati wa msimu zilikuwa mbili tu, Drury Lane na Covent Garden, na ukumbi wa Haymarket ulipewa nafasi ya majira ya joto. Mwigizaji aliyekataliwa kwenye milango hiyo hakuwa na mtaa wa pili wa kwenda kubisha. Garrick naye hakuweza kungoja, maana alichokiacha leo mwenzake angekibeba kesho.

Basi Sarah akachukuliwa akiwa mjamzito. Binti yake Sally alizaliwa Gloucester tarehe 5 Novemba 1775. Tarehe 29 Desemba, siku 54 tu baada ya kujifungua, mama huyo alisimama mbele ya watazamaji wa London kwa mara ya kwanza. Pwani kwetu mzazi wa siku 54 ndiyo kwanza ametoka arubaini yake. Nikisoma maandishi ya zamani kuhusu usiku ule, yanaujadili udhaifu wa sauti yake kana kwamba ni ukosefu wa ufundi, na mara chache mno mtu husimama kuhesabu siku.

Alicheza Portia katika tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili tunaijua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi. Tangazo halikumtaja jina. Lilisema tu kwamba ni msichana anayejitokeza kwa mara ya kwanza. Portia ni mwanamke tajiri, mwepesi wa akili, anayetania wachumba kisha anaingia mahakamani kwa sura ya mwanasheria na kumshinda Shylock kwa hoja. Ni nafasi ya kujiamini, ya mtu anayefurahia ulimi wake mwenyewe. Mtazamaji mmoja aliandika kwamba kiumbe mzuri na dhaifu aliingia akiyumba, amevaa gauni la rangi ya waridi iliyopauka, kama nyama ya samaki aina ya salmoni, asijue pa kuweka macho wala miguu, na kila sentensi yake ikaishia katika mnong'ono usiosikika. Kwenye onyesho la mahakama alitulia kidogo, ila sauti bado ilikuwa nyembamba. Ukumbi wenyewe ulikuwa umetoka tu kufanyiwa ukarabati mkubwa na akina Adam, wasanifu majengo wenye jina wa wakati ule. Yeye aliyezoea vijukwaa vya miji midogo alijikuta anasema na nyuso zilizo mbali, zinazong'aa kwa mishumaa.

Mwenyewe alisema baadaye kwamba usiku ule alivumiliwa tu, na neno hilo nadhani ni la haki. Hakuzomewa.

Kilichofuata kwa miezi mitano ndicho kilichomwua, nami nakihesabu kuwa kizito kuliko usiku wa Portia. Hakupewa tanzia yoyote ya kuibeba. Alipewa nafasi ndogo katika futuhi za zamani na vichekesho vipya. Kimoja kati ya vichekesho hivyo kiliandikwa na Bate yuleyule aliyemleta mjini. Februari 1776 kilizua vurugu ukumbini, maadui wa mhariri huyo wakafika kukizamisha, na Sarah akawa jukwaani katikati ya kelele zisizomhusu. Gazeti la Bate lilimsifu, jambo lililozidi kumharibia, kwani kila aliyemchukia Bate alipata sababu ya kumbeza na mwanamke anayesifiwa naye.

Halafu kulikuwa na wenzake. Drury Lane ilikuwa na mabibi watatu wakubwa, Bibi Yates, Bi Younge na Bibi Abington, na Garrick alichoshwa nao: madai yao, ugonjwa wao wa ghafla siku ya onyesho, barua zao zisizokwisha. Mbele yao alimpa Sarah heshima za wazi, akimshika mkono na kumkalisha pazuri. Sarah aliamini hadi kufa kwake kwamba Garrick alimtumia kuwakomoa wale wengine. Mimi naona ushahidi unamwunga mkono kwa sehemu kubwa, maana heshima aliyopewa ilikuwa ya kiti, na nafasi za tanzia zilibaki kwa wenyewe. Alivuna wivu wa mpendwa bila kupata faida yake.

Mwezi Mei na Juni 1776, katika maonyesho ya kumuaga Garrick, alipewa nafasi ya Lady Anne katika tamthilia ya Shakespeare, mbele ya Garrick aliyekuwa Mfalme Richard III. Bwana huyo alikuwa amemwelekeza asimame vipi ili yeye Garrick apate kuwaelekea watazamaji. Kwa hofu akasahau. Garrick akamtupia jicho, na jicho lile, aliandika Sarah, hakulisahau maisha yake yote. Tarehe 10 Juni Garrick alistaafu akilia mbele ya umati. Hisa zake zikaenda kwa Richard Brinsley Sheridan na washirika wake kwa pauni 35,000. Kisha ikaja ile barua ya Birmingham.

Je, Garrick alikosa? Sitaki kumfanya shetani. Alikuwa mgonjwa, amechoka, anafunga kazi ya miaka zaidi ya thelathini, na alichokiona mbele ya macho yake kilikuwa mwanamke anayetetemeka na asiyesikika. Mwigizaji anayetetemeka hana haki ya kumlazimisha meneja amwone vile atakavyokuwa kesho. Namlaumu kwa mawili tu: kuahidi na kutotimiza, na kuacha ukweli ufike kwa karatasi ya mtu mwingine. Sarah aliumizwa na kukataliwa, lakini ukisoma maneno yake unaona kilichobaki kidonda ni namna alivyokataliwa.

Sasa mikoani. Alicheza Manchester, Liverpool, na York kwa Tate Wilkinson, meneja aliyejua waigizaji kuliko wengi, ambaye alishtuka kwanza kwa jinsi alivyokonda, kisha kwa jinsi alivyocheza. Huko alicheza hata Hamlet, nafasi ya kiume ya Shakespeare, jambo ambalo hakulithubutu London kamwe. Oktoba 1778 alijiunga na kikundi cha John Palmer mjini Bath kwa pauni 3 kwa wiki. Drury Lane ilikuwa imempa 5.

Palmer aliendesha kumbi mbili kwa kikundi kimoja, Bath na Bristol, maili 12 kati yake, akiwapakia waigizaji kwenye magari ya farasi huku na huku. (Ni Palmer huyu ambaye mwaka 1784 alianzisha magari ya kasi ya kubeba barua kati ya Bristol na London, mfumo wa posta wa Uingereza ulibadilika kwa mtu aliyejifunza ratiba kwa kusafirisha waigizaji.) Sarah alikumbuka Jumatatu alizofanya mazoezi Bath asubuhi, akaigiza Bristol jioni, akarudi usiku, na Jumanne akabeba nafasi nyingine nzito Bath. Nyumbani kulikuwa na watoto wadogo. Mistari aliishika usiku, watu wakilala. Ndivyo alivyokuwa amejifunza, kabla ya Bath, nafasi ya Lady Macbeth, mke anayemchochea mumewe kuua katika tanzia ya Shakespeare, alipokuwa na miaka kama ishirini: alipofika kwenye mauaji alishikwa na hofu, akanyakua mshumaa na kukimbia kupanda ngazi, na mchakacho wa hariri ya gauni lake mwenyewe ukamfanya adhani kuna kitu kinamfuata.

Bath walimpa nini? Jibu la kawaida ni mazoezi, na ni kweli. Nafasi alizozicheza miaka minne ile ni nyingi kupita kiasi. Lakini angalia siku za wiki. Alipofika, futuhi zilikuwa na wenyewe, hivyo tanzia ziliangukia kwake, na zilipangwa Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku ambayo wenye vyeo wote wa Bath walikwenda dansi. Meneja aliweka tanzia pale ambapo hasara haingeonekana. Mwanzoni Sarah alilia mbele ya viti vitupu. Polepole viti vikajaa, na ikafika mahali mabibi wakawa wanaiacha dansi yao. Yaani jambo ambalo London haikumpa, Bath ilimpa kwa kutolijali: tanzia, wiki baada ya wiki, bila mpinzani wa kumnyang'anya na bila meneja wa kumpima kila usiku. Mjini humo humo walikuwa wakipumzika watu wa London wenye sauti, miongoni mwao Duchess wa Devonshire, nao wakaanza kuulizana kwa nini mwanamke huyu hayuko Drury Lane.

Drury Lane ikamwita tena. Hakukimbilia, na namwelewa. Kwenye onyesho la kuwaaga watu wa Bath, tarehe 21 Mei 1782, aliwaahidi watazamaji sababu tatu za kuondoka kwake, kisha akawaleta jukwaani watoto wake watatu huku mimba ya mwingine ikiwa wazi kwa kila mtu. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Safari hii mambo yalipangwa kwa namna ambayo mwaka 1775 hakuna aliyejisumbua kuipanga. Baba yake Sheridan, mzee Thomas, mwigizaji na mwalimu wa matamshi, alishauri aanze na Isabella: mjane maskini anayeamini mumewe alikufa vitani, anaolewa tena ili mwanawe asife njaa, kisha mume wa kwanza anarudi. Tanzia hiyo ya mwandishi Thomas Southerne ilikuwa imefanyiwa marekebisho na nani? Na Garrick mwenyewe, mwaka 1757. Mtoto wa Isabella alichezwa na Henry, mwanawe Sarah wa kweli, mwenye miaka minane. Kwenye mazoezi mama alipokuwa akikata roho, mtoto aliangua kilio, akidhani anakufa kweli.

Siku mbili kabla ya onyesho sauti ilikwaruza ikakaribia kupotea, na hofu ya 1775 ikarudi yote. Kisha ikarudi sauti, na asubuhi ya siku yenyewe jua likatoka baada ya siku nyingi za mawingu, naye akalichukua kuwa dalili njema. Mumewe hakuthubutu kuingia ukumbini, alizurura mitaani. Baba yake, Roger Kemble, mzee wa mikokoteni, ndiye aliyemsindikiza hadi chumba cha kuvalia.

Yaliyotokea jukwaani yameandikwa na wengi. Watu walilia kwa sauti, na mwishoni makofi yalimzuia kumaliza. Wiki zilizofuata aliongeza nafasi nyingine za tanzia, pamoja na Belvidera wa Cheltenham. Mawakili wa London walichanga gini 100, sarafu za dhahabu, wakampa. Akahamishiwa chumba cha kuvalia kilichokuwa cha Garrick. Mwaka 1784 Joshua Reynolds alimchora ameketi kama malkia wa tanzia, akaweka jina lake kwenye pindo la gauni. Tarehe 2 Februari 1785 akacheza Lady Macbeth, na katika onyesho la kutembea usingizini akauweka mshumaa mezani, kinyume na waliomtangulia, ili mikono yote miwili ipate kuosha damu isiyokuwepo. Sheridan alikuwa amekwenda kumsihi mlangoni asifanye hivyo. Usiku wa kuaga, 29 Juni 1812, watu walikataa tamthilia iendelee baada ya onyesho hilo. Kwa wanaomjua Lady Macbeth kupitia Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi, wajue kwamba namna dunia inavyomwona akisugua mikono yake inamdai Sarah Siddons kitu.

Maisha hayakumlipa sawasawa. Kati ya watoto wake saba aliwazika watano, akiwamo Sally, yule aliyezaliwa siku 54 kabla ya Portia. Yeye alifariki London tarehe 8 Juni 1831, akazikwa Paddington.

Nimejiuliza kama bila ile barua angekuwa vile alivyokuwa. Sauti ya kujaza ukumbi mkubwa aliijenga Bath na Bristol, hilo sibishi. Ila wanaosema alihitaji kufukuzwa wanachanganya mambo. Alihitaji nafasi za tanzia na muda wa kupona uzazi, na vyote viwili vingeweza kupatikana bila mwaka mmoja na nusu wa kudhaniwa anakufa. Garrick hakuishi kujibu. Alifariki Januari 1779, Sarah akiwa bado anacheza Alhamisi zake Bath.

Usiku ule wa Isabella alirudi nyumbani hana nguvu hata ya kulia. Waliketi mezani watatu, yeye, mume na baba, wakala chakula chao cha kawaida karibu bila kusema neno. Kila baada ya muda mzee Kemble aliacha kula, akaweka chini kisu na uma, akainua uso na kurudisha nyuma mvi zake, akalia.